Fimbo Fupi Niliyoiita Antena

Kwa miaka mingi nilikana kwamba kile kitu cheusi kilichokaa ndani ya mkoba wangu wa kazi, katikati ya mafaili na kanga ya akiba, kilikuwa fimbo ya kuvulia samaki. Nilisema ni antena ya redio. Nilimwambia hivyo mkuu wangu wa kazi, nikawaambia madereva wa bodaboda wa Kilosa, nikamwambia mume wangu, na siku moja nikamwambia mlinzi wa stesheni ambaye wala hakuwa ameniuliza. Sasa nimestaafu, sina cheo cha kulinda, kwa hiyo nakiri mbele yenu vijana: ilikuwa fimbo ya kuvulia, fupi, ya kukunjika, pingili ndani ya pingili, na niliipenda kuliko baadhi ya watu niliofanya nao kazi.

Ili mnielewe, mjue kwanza nilikuwa nani. Nilikuwa bibi samaki, yaani afisa uvuvi, wa wilaya. Nilitoka chuo kikuu nikiwa na shahada iliyonifundisha mashavu ya samaki yanavyofanya kazi, kwa michoro ya rangi, na sikuwa nimemtoa hata samaki mmoja majini kwa mkono wangu. Mkuu wangu alikuwa Mzee Athumani, bwana samaki wa siku nyingi, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Siku niliyoripoti aliangalia viatu vyangu, akaangalia cheti changu, akavirudia viatu.

"Karibu, Digrii," akasema.

Jina hilo likakaa. Hata mke wake aliniita Digrii, akidhani ndilo nililopewa na wazazi.

Mzee Athumani aliamini mwanzi. Mwanzi mrefu, ambao aliukata mwenyewe Malolo na kuuning'iniza juu ya jiko la kuni mpaka ukawa na rangi ya chai ya rangi. Na alikuwa na sababu. Mwanzi mrefu unakuweka mbali na ukingo, na Mto Ruaha una mamba ambao hawajali kama wewe ni mtumishi wa serikali. Katika kila kikundi cha wavuvi tulichokitembelea alisema maneno yaleyale, nami pembeni nikitingisha kichwa kukubali: "Ukiwa na fimbo fupi, chambo ni wewe."

Sasa fikirini mimi, niliyetingisha kichwa kiasi kile, nimesimama kwenye mnada Mikumi mbele ya turubai la mitumba. Kulikuwa na spana, taa za pikipiki, kiatu kimoja cha kuteleza kwenye barafu, na kitu cheusi chenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni.

"Antena ya gari hiyo, dada," kijana aliyekuwa akiuza akaniambia. "Ukiifunga, unashika stesheni za Zambia."

"Mbona ina vipete?"

"Vya urembo."

Nikaivuta. Pingili zikatoka moja baada ya nyingine mpaka ikanizidi kimo. Ikatikisika mkononi kama kitu chenye uhai. Nikaikunja haraka, nikalipa, nikaondoka bila kubishana juu ya urembo. Kwa hiyo uongo wangu, mkitaka kunihukumu, niliununua pamoja na bidhaa.

Kwa nini nilitaka fimbo fupi? Kwa sababu nilikuwa nikipanda pikipiki. Mwanzi wa Mzee Athumani haukunjiki. Ukiwa nao nyuma ya bodaboda, dereva anakata kona na wewe unafagia genge la mtu. Na kandokando ya Mto Mkondoa kuna matete na matawi yaliyoinama. Ukiinua mwanzi mrefu pale, unavua majani. Fimbo fupi yenye mashine ya kuzungushia mshipi inapita chini ya tawi, na mshipi ndio unaokwenda mbali, si wewe. Unasimama nyuma kabisa ya ukingo, pakavu, unatupa, unangoja. Mamba hana habari nawe. Hili Mzee Athumani hakulikubali, na mimi sikuthubutu kumwambia.

Basi nikawa nakwenda peke yangu, Jumamosi, juu kidogo ya daraja la Mkondoa, na chambo changu cha siri. Chambo chenyewe nawapa bure: ugali wa pumba za mahindi, mgumu, uliokandwa na molasi, yale maji meusi matamu yanayobaki kiwandani baada ya sukari kutoka. Wafugaji hununua kwa ajili ya ng'ombe. Ningu anaifuata kama mtoto anavyofuata pipi. Ningu ni yule samaki mnene wa mtoni, mwenye magamba makubwa na mdomo unaotazama chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Wengi watawaambia hali ndoano. Hali ndoano ya mtu mwenye haraka.

Molasi ina kosa moja tu: inanata. Jumamosi moja nilikanda chambo, nikashika fimbo, nikakanda tena, nikashika tena. Jua likaipika. Nilipotaka kufunga safari, pingili zikagoma kuingia. Nilivuta, nilisukuma, niliiomba kwa upole, niliitukana kwa Kiingereza. Ikabaki vilevile, ndefu, imeng'ang'ania, na dereva wa bodaboda ananingoja huku akipiga honi.

Ndivyo nilivyopita katikati ya mji wa Kilosa, mchana, mbele ya soko na mbele ya ofisi zote za wilaya, nimekaa nyuma ya pikipiki na fimbo imesimama wima kama bendera.

"Mama, unatafuta mtandao?" vijana wa kijiweni wakapiga kelele.

Na nani alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, siku ya Jumamosi, bila sababu yoyote ya maana? Mzee Athumani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Digrii, hicho ni nini?"

"Antena."

"Ya nini?"

"Ya redio. Ya ofisi."

Ofisi haikuwa na redio. Aliitazama fimbo kutoka shina hadi ncha. Jumatatu alikuja na redio yake ya nyumbani chini ya kwapa, akaiweka juu ya meza yangu. "Haya, ifunge." Nikaifunga, kwa waya, pale dirishani. Mungu ana utani wake: redio ikasikika kuliko ilivyowahi kusikika. Mzee Athumani akafurahi mno. Masika nzima nilikaa chini ya fimbo yangu mwenyewe nikisikiliza bei za mazao na salamu za wagonjwa, huku ningu wakinenepa.

Msicheke tu, chukueni na somo. Redio ilisikika kwa sababu fimbo ile ilikuwa ya kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Ndiyo maana nawaambia, ninyi mnaokaa karibu na reli ya umeme: fimbo ya kaboni ikunjwe kabla hujafika chini ya nyaya, na wakati wa radi iwekwe chini. Kaboni ni nyepesi na ni nzuri, lakini haina utani.

Mvua zilipokwisha redio iliharibika, nami nikaichukua fimbo "kwenda kuitengeneza". Nikaitengeneza kweli. Niliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikazungusha kila pingili polepole kama mtu anayefungua chupa ya dawa, nikafungua kizibo cha chini na kuosha mchanga uliokuwa umejaa ndani. Tangu hapo natembea na kitambaa chenye maji kwa ajili ya mikono, na ukikunja unaanza na pingili nene ya chini, unamalizia na ncha. Kufungua ni kinyume chake. Wanaoanza popote ndio wanaorudi nyumbani na vipande viwili.

Sasa nije kwenye ningu wa Kidodi, ambaye bila yeye nisingekuwa naandika haya.

Tulikuwa kwenye doria ya nyavu haramu, Mzee Athumani na mimi, upande wa Ruaha, kule ambako mashamba ya miwa yanakaribia mto. Alikuwa amenitengenezea mwanzi wangu mwenyewe, wa kwanza, ameufunga uzi mwekundu kwenye mshiko. "Huu wako. Acha mambo ya redio." Mchana akaenda kuswali kwenye msikiti wa kijijini, akaniacha mtoni. Nikauegemeza mwanzi kwenye mkuyu. Nikatoa antena.

Ningu alipokuja hakuvuta kwa kishindo. Mshipi ulitembea tu, pembeni, kwa heshima, kisha fimbo ikakunjika mpaka mgongo wake ukawa nusu duara na mashine ikalia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fimbo ya mtoni isiwe ngumu. Mdomo wa ningu ni laini. Fimbo ngumu ingeuchana naye angekwenda zake. Ile ilikuwa ikiinama anapoondoka na kuinuka anapochoka, mkondo ukimsaidia yeye na fimbo ikinisaidia mimi. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akalala kwenye nyasi, mkubwa kiasi kwamba nilimwamkia.

Nikasikia hatua kwenye miwa. Nikamtoa ndoano, fimbo ikaingia mkobani, safari hii bila kugoma. Mzee Athumani akatokea, akamwona ningu, akauona mwanzi.

"Mwanzi wangu!" akapiga kelele. "Digrii! Si nilikwambia? Mwanzi wangu!"

Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Ningesema nini? Nilisema, "Ndiyo, Mzee."

Habari ile aliisimulia sokoni, kwenye misiba, kwenye vikao vya madiwani. Aliisimulia kwenye sherehe ya kuniaga, yeye mwenyewe akiwa amestaafu zamani, amesimama na kipaza sauti ambacho hakukihitaji. Ukumbi ulimpigia makofi. Mimi nilimpigia makofi.

Mwaka jana Mzee Athumani alipata kiharusi. Alipona, akatembea, akarudi kuongea kwa kelele, lakini mkono wa kulia ukabaki dhaifu. Mke wake alikuwa ameshatangulia. Binti yake, Hadija, ni muuguzi Morogoro. Akaja kumchukua akakae naye. Nilipokwenda kuwaona, mabegi yalikuwa sebuleni na Mzee alikuwa amekaa uani, mwanzi umelala miguuni pake.

"Siwezi kuuinua," akaniambia, bila salamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Nimejaribu. Unanishinda, Digrii. Nikikaa Morogoro nitakufa kwa televisheni."

Hadija akatokea mlangoni. "Shikamoo, Mama. Mwambie huyu. Sina ubaya naye. Juzi alikwenda mtoni akabebwa kurudi, yeye na huo mti wake. Nitalalaje kule nikijua yuko hivi?"

"Na akiweza kwenda na kurudi mwenyewe?"

Akafikiri. Ni mtoto wa baba yake, hasemi asichokusudia. "Likizo yangu haijaisha. Akienda mwenyewe na kurudi mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, nitaondoka peke yangu. Akishindwa, tunaondoka wote na hakuna maneno."

Akaingia ndani. Nikavuta kigoda.

"Mzee, tumia fimbo fupi."

"Ile ya watoto?" Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ningu wa Kidodi angeingia kwenye kifimbo? Yule alitaka mwanzi."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza vizuri kwa muda mrefu, nilikuwa na uzoefu. Lakini mabegi yalikuwa yakionekana kupitia mlango.

"Hakutaka mwanzi, Mzee. Ulikuwa umeegemea mkuyu. Alikuja kwa antena."

Aliniangalia sana. Kuku akapita. Nilijiandaa kufukuzwa kwenye ile nyumba.

"Ndiyo maana," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Niliushika mwanzi ule siku ile. Ulikuwa mkavu. Nikajiambia ni jua." Akaugusa mwanzi kwa mguu. "Umeniacha nimsimulie mkuu wa wilaya."

"Ulikuwa unasimulia vizuri."

"Nasimulia vizuri," akakubali. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Unayo bado?"

Ninayo, lakini sikumpa, na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu wengi wenu mtaambiwa mnunue fimbo nzuri. Hakuna fimbo nzuri. Kuna fimbo ya mto fulani na ya mkono fulani. Yangu ni ya kaboni, na njia ya Mzee kwenda mtoni inavuka karibu na nyaya za umeme. Halafu mshiko wake ni mfupi, unataka kiganja chenye nguvu.

Nikaenda Mikumi. Yule kijana wa mnada sasa ana duka na kitambi, na vifaa vya kuvulia anaviita kwa majina yake.

"Mama, chukua hii. Ikikunjwa inaingia hata mfuko wa koti."

Nikaikataa. Fimbo inayokunjika kuwa fupi mno ina pingili nyingi mno, na kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia. Nilitaka inayolingana na mkono wangu kutoka kiwiko, ikifunguliwa imzidi mtu mzima kimo kwa nusu yake. Nikaletewa ya pili, nikapitisha pamba ndani ya kila kipete cha kupitishia mshipi. Ikaacha nyuzi za pamba kwenye kipete cha juu, maana yake kina ufa usioonekana, na ufa huo ungekata mshipi siku ya samaki mkubwa. Nikairudisha. Ya tatu ilikuwa ya nyuzi za kioo, faiba, nzito kidogo kuliko kaboni lakini haipitishi umeme na inasamehe ikiangushwa. Nikafunga mshipi kwenye chupa ya maji iliyojaa, nikainyanyua taratibu mbele ya duka. Ikainama kuanzia katikati, si ncha tu. Nikafungua kizibo cha chini. Kikafunguka kwa vidole.

"Mama, unanunua fimbo au unaioa?"

"Ifungie shina refu zaidi la kushikia, kama lipo."

Lilikuwepo. Nilijipima, shina likaingia kwapani na kubaki. Hapo ndipo nilipomaliza kazi. Mtu mwenye mkono dhaifu hahitaji kiganja. Anabana shina kwa kwapa, mkono mgonjwa unapumzika juu yake, ule mzima unazungusha mashine. Nikaongeza kikengele kidogo cha kufunga kwenye ncha, ili samaki ajitangaze mwenyewe.

Nilimfundisha uani kwake, akitupa chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, bila ndoano kwenye beseni la Hadija. Alilalamika kwa kila kitu. Fimbo nyepesi mno. Kikengele cha mbuzi. Mashine inalia kama cherehani. Lakini chubwi lilianza kuingia kwenye beseni, kisha nikalisogeza beseni, nalo likaingia tena, na Hadija akaacha kufua akawa anatazama. Nilimweleza yote: asimame mbali na ukingo, asifungue fimbo mpaka afike, aanze na ncha. Molasi nilimweleza mwishoni kabisa. Kitambaa chenye maji, Mzee. Nawa mikono kabla ya kushika.

"Unanifundisha kunawa?"

Siku aliyokwenda sikuruhusiwa kuwapo. Hadija alikataa, na alikuwa na haki. Ningemshika mkono kwa macho. Nilibaki nyumbani nikichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa. Nilijua barabara ya mto ule kila shimo, na kila shimo nilimwangusha Mzee Athumani mara moja moja, kichwani mwangu. Niliwaza labda nilipaswa kuchagua nyepesi. Niliwaza kuhusu kizibo. Sikuwaza, hata kwa dakika, kwamba shina lingetoka kwapani. Hilo nililijua.

Simu ikaita. Hadija.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema."

"Baba amerudi." Akavuta pumzi. "Amerudi na bodaboda, ameshuka mwenyewe, amemlipa dereva mwenyewe, na amebishana naye. Ana ningu. Si mkubwa, lakini amenifanya nimpige picha akiwa naye mara ngapi sijui."

Nikakaa chini, juu ya ungo.

"Mama, mimi naondoka kesho na treni. Tiketi nimekata moja."

 Nyuma yake nilisikia sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, ikimsimulia jirani, ikianzia Kidodi.

"Ila kuna jambo," Hadija akaendelea, akishusha sauti. "Kuna kitu kirefu kimeingia mlangoni kimetokea dirisha la jikoni. Kinanata. Hakikunjiki. Nimemuuliza Baba hiki si ndiyo ile fimbo, mbele ya jirani hapa, amenikazia macho, anasema ni antena ya redio."

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Ni antena. Chemsha maji yawe ya uvuguvugu tu, uilowanishe kwenye maungio, na uzungushe polepole. Anza na pingili ya chini."